UZI: Kutembelea Venice – boti, ada ya kuingia, maji kujaa na mitego inayomgharimu mgeni

Mpanda Kivuko (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Maswali ya Venice yanarudi kila msimu na majibu yametawanyika huku na kule. Tuyakusanye hapa: kufika, kupanda boti, kulala, kulipa, na yale yanayomkwamisha mgeni. Mwenye nyongeza au masahihisho aweke hapa hapa.

La kwanza kushika kabla hujakata tiketi yoyote: Mji Mkongwe wa Venice hauna gari wala pikipiki, na baiskeli ni marufuku hata kuikokota. Ni visiwa zaidi ya 100 vilivyoungwa kwa madaraja zaidi ya 400, na karibu kila daraja lina ngazi. Anayepanga kwa kutazama umbali kwenye ramani ataona hoteli iko mita 600 tu kutoka kituoni. Hesabu madaraja yaliyo katikati, kisha jiulize begi lako la kilo 23 atalibeba nani.

Vituo vya treni ni viwili na vyote vinaanza na jina Venezia. Venezia Mestre kipo bara. Venezia Santa Lucia ndicho cha kisiwani, mwisho wa reli. Ukitoka mlangoni unakutana na Mfereji Mkuu uso kwa uso. Ukishuka Mestre kimakosa usitafute teksi. Panda treni yoyote ya mkoa iendayo Santa Lucia, ni kama dakika 10 kuvuka daraja refu juu ya laguna (yale maji ya chumvi yaliyotengwa na bahari kwa visiwa vyembamba), na nauli haifiki euro 2. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa igonge kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda. Ya kwenye simu nayo unaithibitisha kabla ya kupanda. Wengi hupigwa faini wakiwa na tiketi halali mkononi, kwa sababu tu hawakuigonga.

Kwa barabara, mwisho ni Piazzale Roma. Mabasi yanaishia hapo, na magari yanaegeshwa hapo au kisiwa cha Tronchetto, kwa bei kubwa. Mwenye gari la kukodi aliache Mestre aingie kwa treni.

Uwanja wa ndege wa Marco Polo upo bara. Basi hadi Piazzale Roma ni dakika 20 hadi 25 na ni kama euro 10. Boti za Alilaguna zinaondokea gati la uwanjani na hadi San Marco, uwanja mkuu wa mji, ni zaidi ya saa moja. Chagua kwa kuangalia hoteli iko wapi: ikiwa karibu na kituo cha treni, basi linashinda. Ikiwa Fondamente Nove (ukingo wa kaskazini wa mji) au upande wa San Marco, boti inakuokoa kuburuta begi. Teksi ya maji ni zaidi ya euro 100, na inaleta maana mkiwa familia ya watu wanne au watano wenye mizigo na hoteli yenye gati lake. Angalia pia isije ndege yenu ikawa inatua Treviso. Huo ni uwanja mwingine kabisa, na basi lake hadi Piazzale Roma ni kama saa nzima au zaidi.

Mwana wa Gati

Mkuu umeanza vizuri. Naongeza moja ambalo wengi hulijulia gatini: tiketi za boti za ACTV (kampuni ya usafiri wa umma), za siku moja hadi saba, HAZIFANYI KAZI kwenye boti za Alilaguna. Ni kampuni mbili tofauti. Basi la uwanja wa ndege nalo halimo kwenye tiketi ya kawaida, linaongezewa pesa wakati wa kununua.

Binti Safari

Nichukue suala la ada ya kuingia mjini, maana hapo pana mkanganyiko mkubwa.

Ada ilianza tarehe 25 Aprili 2024. Haitozwi kila siku. Mwaka 2024 zilikuwa siku 29, na 2025 zikawa 54, nyingi zikiwa Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu, kuanzia Aprili hadi Julai. Manispaa hutangaza kalenda kila mwaka, kwa hiyo itazame kalenda ya mwaka wako kwenye tovuti rasmi ya jiji. Usitegemee tovuti za mawakala wanaoongeza chao juu.

Muda wake ni saa 2:30 asubuhi hadi saa 10 jioni. Ukiingia baada ya hapo hulipi. Kwa utaratibu wa 2025 ni euro 5 ukilipia mapema, angalau siku nne kabla, na euro 10 ukichelewa. Unapewa msimbo wa QR kwenye simu, na wakaguzi wanausoma hasa mbele ya kituo cha treni na Piazzale Roma. Asiye nao faini ni kati ya euro 50 na 300.

Sasa hapa ndipo watu wanakosea. Anayelala hotelini ndani ya manispaa ya Venice, hata ikiwa hoteli ipo Mestre, halipi ada hii kwa sababu tayari analipa kodi ya malazi. Lakini kutolipa si sawa na kutojisajili! Unaingia kwenye tovuti ile ile, unachagua msamaha wa mgeni wa hoteli, unapata msimbo wako wa bure. Watoto chini ya miaka 14 wamesamehewa. Na ukienda Lido, Murano au Burano bila kuingia mji mkongwe, ada haikuhusu.

Kodi ya malazi ni jambo jingine. Inatozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, kati ya euro 1 na 5 kulingana na daraja la malazi na msimu, kwa usiku tano za mwanzo tu. Mara nyingi haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, hoteli wanaidai mapokezini.

Mgeni Njiani

Wakuu shukrani. Swali: tiketi ya boti ninunue ya mara moja moja au ya siku? Nimeona euro 9.50 kwa safari moja nikashtuka.

Mwana wa Gati

Kaka, ile si ya safari moja, ni ya dakika 75 tangu uigonge. Ndani ya muda huo unaweza kubadilisha boti. Bei za hadi 2025: saa 24 ni euro 25, saa 48 ni 35, saa 72 ni 45, siku saba ni 65. Hesabu ni nyepesi: mara tatu za dakika 75 ni euro 28.50, tayari umepita bei ya saa 24. Ila usikimbilie kununua ya siku tatu kwa woga. Kituo cha treni hadi San Marco kwa miguu ni dakika 30 hadi 40, na boti ya laini 1 inachukua karibu muda huo huo kwa sababu inasimama kila gati, mara upande huu mara ule. Anayekaa siku tatu na kutembea kwa miguu mjini anaweza kununua ya saa 24 peke yake, akaipangia siku ya visiwa vya mbali. Huo ndio mpango ninaoupenda.

Tena ni SAA 24, si siku ya kalenda. Ukigonga saa 8 mchana inakufikisha saa 8 mchana kesho yake. Kwa hiyo usiigonge usiku wa kufika kwa ajili ya gati mbili.

Mwenye umri wa miaka 6 hadi 29 aulizie kadi ya Rolling Venice. Inauzwa kwa bei ndogo na inashusha sana bei ya tiketi ya saa 72. Chini ya miaka 6 hawalipi.

Namna ya kupanda. Gati ni chumba kinachoelea, kimeandikwa jina na namba za laini. Magati makubwa (Ferrovia, yaani la kituo cha treni, Piazzale Roma, Rialto, San Zaccaria) yana vyumba kadhaa vyenye herufi A, B, C, na laini ile ile kuelekea upande wa pili inaweza kuondokea chumba kingine kabisa. Soma ubao: laini, mwelekeo, herufi. Kisha gusisha tiketi kwenye mashine hadi ilie na kuwasha taa ya kijani. Fanya hivyo KILA unapopanda, hata kama ni ya siku saba. Ukiwa huna tiketi na gati halina mashine ya kuuza, mwambie baharia palepale unapopanda, kabla yeye hajakuuliza. Akikukuta umekaa kimya, hiyo ni faini.

Begi la mgongoni livue ulishike mbele. Sababu ya kwanza ni nafasi, ya pili ni wachomoaji, ambao wanapenda mno laini 1 na 2 pale abiria wanaposongamana mlangoni.

Laini za kukariri: 1 inapita Mfereji Mkuu wote hadi Lido. 2 ni ya haraka zaidi, inaruka magati. 4.1 na 4.2, kadhalika 5.1 na 5.2, zinazunguka mji kwa nje, moja upande huu na mwenzake upande wa pili. 12 inatoka Fondamente Nove kwenda Murano, Mazzorbo na Burano. N ni ya usiku.

Mpanda Kivuko

Hapo kwenye laini 1 niongeze: ukitaka kuuona Mfereji Mkuu vizuri, panda Piazzale Roma na si Ferrovia. Tofauti ni gati moja tu, lakini Piazzale Roma boti huanza tupu na unaweza kupata kiti cha nje. Ikifika Ferrovia inajaa watu wa treni. Saa nzuri ni kabla ya saa 3 asubuhi, au jioni jua likishuka. Mfereji wenyewe una urefu wa karibu kilomita 4.

Mchora Ramani

Naona hakuna aliyegusa anwani, na ndilo linalopoteza watu usiku wa kwanza.

Mji umegawanywa katika mitaa mikuu sita inayoitwa sestieri: San Marco, Castello, Cannaregio, San Polo, Santa Croce na Dorsoduro. Namba za nyumba haziendi kwa kichochoro, zinaendelea ndani ya sestiere nzima hadi maelfu. Anwani inayosema "Castello 4300" bila jina la kichochoro haikusaidii kitu, maana Castello peke yake inapita namba 6000. Kabla ya kusafiri mwombe mwenye nyumba vitu vitatu: jina la kichochoro, gati la karibu, na daraja au kanisa la karibu.

Hata jina la kichochoro pekee halitoshi, kwa kuwa majina yanajirudia. Calle del Forno, yaani kichochoro cha tanuri la mikate, zipo nyingi. Andika jina pamoja na sestiere.

Maneno ya kwenye kuta: calle ni kichochoro, fondamenta ni njia inayofuata ukingo wa mfereji, rio ni mfereji mdogo, rio terà ni mfereji uliofukiwa ukawa njia, campo ni uwanja, sotoportego ni njia inayopita chini ya nyumba (wengi hudhani ni mlango wa mtu wakageuka, kumbe ndiyo njia yenyewe). Piazza ni moja tu, San Marco. Maandishi hayo ni ya Kivenisi na mara nyingine hayafanani na ramani: kanisa la Santi Giovanni e Paolo wenyeji wanaliita San Zanipolo, na San Stae ni Sant'Eustachio.

Simu inapoteza mwelekeo kwenye vichochoro vyembamba kwa sababu kuta ndefu zinazuia setilaiti. Unaweza kuelekezwa hadi ukingo wa maji pasipo na daraja. Ikitokea, acha simu, fuata vibao vya manjano: PER RIALTO, PER S. MARCO, ALLA FERROVIA. Vinakurudisha njia kuu.

Na kumbuka Mfereji Mkuu una madaraja manne tu: Costituzione, Scalzi, Rialto na Accademia. Kati ya Rialto na Accademia hakuna daraja kabisa. Ukiwa San Tomà na unakwenda ng'ambo, kuzunguka ni mwendo mrefu, bora uvuke kwa traghetto.

Mgeni Njiani

Traghetto ndiyo gondola?

Mchora Ramani

Ni gondola ya kuvukia, kubwa kidogo, yenye wapiga makasia wawili. Inavusha watu kutoka ukingo hadi ukingo kwa dakika chache tu. Mgeni analipa euro 2, taslimu, unampa anapokupandisha. Ya Santa Sofia karibu na soko la Rialto ndiyo ya kutegemea zaidi. Nyingine hufanya kazi kwa saa chache. Panda kwa mguu katikati ya boti, kaa ukiambiwa ukae, na usisimame upande mmoja na wenzako kwa ajili ya picha.

Gondola ya matembezi bei yake ni rasmi, imewekwa na jiji: tangu Novemba 2023 ni euro 90 kwa dakika 30 mchana, na euro 110 kwa dakika 35 kuanzia saa 1 usiku. Bei ni ya gondola nzima, si ya kila mtu, na abiria mwisho ni watano. Makubaliano yafanyike kabla ya kupanda: dakika ngapi na njia ipi. Mwombe mifereji midogo. Kwenye Mfereji Mkuu mawimbi ya boti za injini yanatikisa na mengi ya unayoyaona huko utayaona kwenye laini 1. Kuimbiwa ni malipo ya ziada.

Dada wa Mestre

Kuhusu kulala, nitetee bara. Mestre ni nafuu, treni ni dakika 10, lifti zipo, na mwenye mizigo au watoto hapati tabu ya ngazi. Kwa anayezunguka Italia na kukaa Venice usiku mmoja, akilala karibu na kituo cha Mestre hakosei.

Mpanda Kivuko

Dada, kwa bajeti nakubaliana nawe kabisa. Lakini kwa anayeweza kumudu hata usiku mbili, nashauri kwa moyo wote alale kisiwani. Watalii wa kutwa wanajaa kati ya saa 4 asubuhi na saa 11 jioni. Kabla na baada ya hapo mji unatulia, unasikia maji yakigonga ukingo na hatua za watu. Wakazi wa mji mkongwe hawafiki 50,000 siku hizi, na muda huo ndio unaowakuta kwenye viwanja vyao. Aliyelala bara anaondoka mji unapoanza kupendeza. Cannaregio ina nafasi na ni rahisi kutoka kituoni, Dorsoduro imetulia, Castello ya mashariki ni ya bei nafuu zaidi kuliko San Marco na bado ina watoto wanaocheza mpira uwanjani.

Tahadhari moja: soma ramani ya hoteli kwa makini. "Venice" kwenye tovuti za malazi inaweza kuwa Mestre, Marghera, au hata karibu na uwanja wa ndege. Na epuka tarehe za Kanivali, sherehe ya Redentore (wikiendi ya tatu ya Julai) na Regata Storica (Jumapili ya kwanza ya Septemba) kama hukuzikusudia. Bei hupaa.

Bamvua

Wadau, maji kujaa. Jina nililojiita linaonyesha napenda mada hii, kwa hiyo nivumilieni.

Wenyeji wanayaita acqua alta. Msimu wake ni vuli na baridi, hasa Oktoba hadi Januari. Chanzo si kimoja. Kuna bamvua ya kawaida, yaani maji kujaa sana, ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo. Kuna upepo wa kusini-mashariki, scirocco, unaosukuma maji ya bahari ya Adria kuelekea kaskazini, ambako hayana pa kwenda. Na kuna mgandamizo mdogo wa hewa unaoyaacha maji yainuke. Vikikutana vyote ndipo hatari. Tarehe 4 Novemba 1966 maji yalifika sentimita 194 (hupimwa kutoka alama ya jiji ya usawa wa bahari, si kina cha maji njiani), na tarehe 12 Novemba 2019 yakafika 187.

Tangu 3 Oktoba 2020 kuna milango ya MOSE, 78 kwa jumla, kwenye njia tatu za bahari kuingia laguna: Lido, Malamocco na Chioggia. Inalala chini ya maji na kuinuliwa kwa kusukumiwa hewa ndani. Kwa kawaida huinuliwa utabiri ukifika sentimita 110. Kwa hiyo msiwasikilize wanaosema siku hizi hakuna tena maji mjini. Uwanja wa San Marco ni chini mno, unaanza kulowa maji yakiwa kati ya 80 na 90. Maana yake maji ya 95 au 100 yanaingia San Marco na milango haiinuliwi. Basilika yenyewe, kanisa kuu la San Marco, sasa ina ukuta wa vioo unaoizunguka.

Namna ya kujipanga: tazama utabiri wa Centro Maree wa jiji asubuhi na jioni. Ule mstari unaopanda na kushuka ndio wa kusoma, tafuta kilele na saa yake. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni kama saa sita, kwa hiyo tatizo ni la saa tatu au nne, si la kutwa nzima. Ukiona kilele cha 100 saa 4 asubuhi, weka San Marco mchana na asubuhi nenda kanisa la Frari au Cannaregio, sehemu nyingi za mji zitakuwa kavu. Jiji huweka njia za mbao zilizoinuliwa. Tembea upande wa kulia, usisimame kupiga picha, maana nyuma yako kuna anayewahi kazini. Buti za mpira zifike chini ya goti. Zile soksi za plastiki zinazouzwa barabarani zinachanika upesi. Usikanyage mahali usipoona mwisho wa ukingo, kwa sababu maji yakipanda, njia na mfereji vinakuwa kitu kimoja.

Boti nazo huathirika: maji yakiwa juu, laini zinazopita chini ya madaraja mafupi hubadilisha njia. Ukungu mzito wa baridi nao huchelewesha. Na kuna upande wa pili wa sarafu, maji kupwa sana Januari na Februari, ambapo mifereji midogo inabaki tope na gondola hazipiti.

Jambo la mwisho, na hili ni la mwaka mzima: ngazi zinazoshuka majini zikiwa na rangi ya kijani USIZIKANYAGE. Ule ni mwani, unateleza kuliko sabuni. Watu wanaanguka mferejini wakitafuta picha.

Mgeni Njiani

Bamvua, umenifungua macho. Na kuogelea?

Bamvua

Marufuku, na faini yake ni ya mamia ya euro. Mifereji ni barabara, ina boti za injini, na nyumba nyingi bado zinamwaga maji machafu humo. Anayetaka kuogelea aende ufuo wa Lido kwa laini 1.

Binti Safari

Na makatazo mengine yanayotoza faini: kulisha njiwa, kukaa chini au kwenye ngazi na kula uwanja wa San Marco, kutembea na nguo za kuogelea. Vikundi vya watalii wenye kiongozi tangu 2024 havizidi watu 25, na vipaza sauti vimepigwa marufuku. Vyoo vya umma ni vya kulipia, kwa hiyo ukinunua kahawa tumia cha hapo. Maji ya kunywa msinunue, mabomba ya viwanjani yanatiririka maji safi, beba chupa yako.

San Marco sasa. Basilika mabega na magoti yafunikwe, wanaume kwa wanawake. Begi kubwa haliingii, linaachwa mahali pa kuhifadhi karibu na hapo kabla ya kujipanga foleni, si baada. Kata tiketi ya saa maalumu mtandaoni. Jumapili asubuhi ni ya ibada, watalii huingia mchana. Tiketi ya kuingia haijumuishi Pala d'Oro (pambo la dhahabu la altareni) wala makumbusho ya juu. Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua makumbusho, maana ndiko kwenye farasi wa shaba halisi na roshani inayotazama uwanja. Wale farasi wa nje ni nakala.

Jumba la Doge (mtawala wa zamani wa Venice): tiketi ikikatwa siku 30 kabla huwa na punguzo, na inajumuisha makumbusho ya Museo Correr upande wa pili wa uwanja. Hila ndogo: foleni ya Correr mara nyingi ni fupi, na tiketi hiyo inanunuliwa hapo pia. Jumapili ya kwanza ya mwezi majumba ya serikali kama Gallerie dell'Accademia ni bure, lakini Jumba la Doge ni la manispaa, halimo.

Mpishi wa Zamu

Chakula nimeachiwa mimi. Mtego mkubwa kuliko yote ni samaki wa kupimwa. Ukiona kwenye menyu "all'etto" au "hg", bei hiyo ni ya gramu 100, si ya sahani. Chukua mfano: samaki wa euro 8 kwa etto akiwa na gramu 700 ni euro 56, kabla ya kinywaji. Mwambie mhudumu akuonyeshe samaki na akutajie bei kamili KABLA hajapikwa. Mhudumu mwaminifu hakasiriki.

Coperto ni malipo ya kukaa mezani, euro chache kwa kila mtu, ni halali na lazima iandikwe kwenye menyu. Kahawa ukinywa umesimama kaunta ni bei moja, ukikaa mezani ni nyingine, na kwenye mikahawa ya uwanja wa San Marco muziki unapopigwa unaongezwa kwenye bili. Kimbia mgahawa wenye menyu za picha katika lugha saba na mtu mlangoni anayekuita.

Kula kwa nafuu na kwa raha nenda kwenye bacaro, vibaa vidogo vya wenyeji. Unasimama kaunta, unaonyesha kidole cicchetti unazotaka, yaani vipande vya mkate vyenye baccalà mantecato (samaki mkavu aliyesagwa na mafuta hadi akawa kama krimu), sarde in saor (dagaa wakubwa waliolazwa kwenye vitunguu na siki), nusu yai, biringani. Kimoja ni euro mbili tatu. Asiyekula nguruwe aulize "c'è maiale?" (kuna nguruwe?) kwa sababu soseji na prosciutto, yaani paja la nguruwe, zimo kwenye vingi. Tramezzini (sandwichi za mkate laini) za jodari na yai zinapatikana kila baa. Soko la samaki la Rialto ni Jumanne hadi Jumamosi, asubuhi tu.

Mwana wa Gati

Siku ya visiwa: laini 12 kutoka Fondamente Nove, uwe gatini mapema, ikiwezekana kabla ya saa 3. Anza na Burano iliyo mbali, kama dakika 40 hadi 45, kisha rudi Murano. Wengi wanaanza Murano, wakifika Burano mchana foleni ya kurudi inazidi boti moja au mbili. Kisiwa cha Torcello ni gati moja kwa boti kutoka Burano, kanisa lake Santa Maria Assunta lilianzishwa mwaka 639, na kuna utulivu mkubwa.

Murano ndiko tanuri za vioo zilikohamishiwa mwaka 1291 kwa hofu ya moto mjini. Akikupa mtu "boti ya bure" ya kwenda kuona kiwanda, safari hiyo inaishia dukani na unabembelezwa kununua. Nenda mwenyewe. Kioo halisi tafuta nembo ya Vetro Artistico Murano. Ushanga wa euro 3 kwenye vibanda haukutoka kwenye tanuri za kule.

Mgeni Njiani

Mzazi wangu anatumia kiti cha magurudumu. Inawezekana?

Mchora Ramani

Inawezekana, mkipanga kwa boti na si kwa madaraja. Laini 1 na 2 zinabeba viti vya magurudumu, na manispaa ina ramani inayoonyesha maeneo yanayofikika bila kuvuka ngazi. San Marco, upande wa Rialto na Lido vinafikika. Tafuteni hoteli iliyo kwenye kisiwa kile kile chenye gati, muulize mwenyewe: "Kutoka gatini hadi mlangoni kuna daraja?" Akisema lipo hata moja, hiyo hoteli siyo. Kwa watoto wachanga, mbeleko ni bora kuliko kigari.

Binti Safari

Visa kwa kifupi kwa wanaoihitaji: ni ya Schengen, tangu Juni 2024 ada ni euro 90 kwa mtu mzima na 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Bima ya matibabu iwe ya angalau euro 30,000. Hoteli uliyoandika kwenye fomu ilingane na tarehe za ndege.

Mgeni Njiani

La mwisho wakuu. Ndege ya kurudi ni saa 1 asubuhi, na nimesikia kuna migomo ya boti.

Mwana wa Gati

Migomo, sciopero, hutangazwa mapema na siku hiyo hubaki huduma ya lazima kwa laini chache. Tazama tovuti ya ACTV siku mbili kabla. Kwa ndege ya alfajiri usitegemee boti ya Alilaguna. Lala usiku wa mwisho Santa Croce au Cannaregio, mahali unapoweza kufika Piazzale Roma kwa miguu, ukaipime njia hiyo mchana wake na kuhesabu ngazi. Tiketi ya basi nunua jana yake, na ratiba usome kwa saa za Kizungu: 04:40 ni saa 10:40 alfajiri.